Asha, Aisha, Acha: Historia ya Jina Moja na Matamshi Yake

Majina ya watu hayapewi nafasi kubwa katika vitabu vya sarufi. Mwalimu hufundisha ngeli, nyakati na viambishi, na afikapo kwenye majina ya watu huyapita, kana kwamba hayo si sehemu ya lugha bali ni mali ya wazazi na makarani. Lakini jina la mtu ni neno kama maneno mengine. Lina asili, lina sauti, lina tahajia, na husafiri pamoja na watu wanaolichukua. Tena lina jambo moja ambalo maneno mengine hayana: likikosewa, yuko mtu anayeumia.

Katika makala haya tumechagua jina moja tu, ambalo halikosekani katika orodha za madarasa yetu, hasa mahali penye jamaa za Kiislamu. Wengine huliandika Asha, wengine Aisha, wengine Esha. Katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji liko pia limeandikwa Aïcha, na pengine Acha. Mwalimu anayefungua daftari la mahudhurio asubuhi huyakuta maumbo hayo yote, na mara nyingi hujiuliza: lipi ndilo sahihi? Wako wanaosema kwamba Aisha ndilo jina, na Asha ni uharibifu wa watu wasiosoma. Sisi hatukubaliani nao, na tutajaribu kueleza kwa nini, kwa kulifuata jina hili tangu lilikotoka hadi lilipofika madarasani mwetu.

Asili na sababu ya kupendwa

Jina hili ni la Kiarabu. Limejengwa juu ya mzizi wa herufi tatu, yaani ain, ya na shini, mzizi unaohusu kuishi. Kwa umbo lake maana yake ni "mwanamke aishiye", aliye hai. Mzizi huohuo ndio uliotupatia kitenzi "ishi" na nomino "maisha". Kwa hiyo mwanafunzi asemapo "Asha anaishi maisha mema", ametumia mzizi mmoja mara tatu bila ya kujua. Hapa inafaa kuonya kidogo: "isha" ya sala ya usiku haimo katika jamaa hii, kwani hiyo ina mzizi mwingine wa Kiarabu, wala "isha" yenye maana ya kumalizika haimo, kwani hilo ni neno letu la Kibantu. Sauti kufanana si lazima maana kufanana, nasi tutalirudia jambo hili mbele.

Hata hivyo, si maana yake iliyolifanya jina hili lipendwe. Majina yenye maana njema ni mengi, na mengi hayakuvuka hata mpaka wa nchi yake. Jina hili lilienea kwa sababu ya mtu aliyelichukua, naye ni Bibi Aisha binti Abubakari, mke wa Mtume Muhammad na binti wa Khalifa wa kwanza. Waislamu humwita Mama wa Waumini, kama wanavyowaita wake wengine wa Mtume. Alifariki Madina mwaka 678, baada ya kuishi miaka mingi nyuma ya Mtume akiulizwa mambo ya dini na kuyajibu. Katika hesabu ya wanazuoni, hadithi zilizopokewa kutoka kwake ni 2,210. Basi mzazi anayempa binti yake jina hili humwombea mambo mawili kwa pamoja: uhai na elimu.

Historia hiyohiyo ndiyo inayoeleza mahali ambapo jina hili halikupendwa. Mwaka 656 Bibi Aisha alikuwa upande mmoja na Sayyidna Ali upande wa pili katika vita vilivyoitwa Vita vya Ngamia. Kwa ajili ya kumbukumbu hiyo, jina hili ni nadra miongoni mwa Mashia, na huko Iran halisikiki kama linavyosikika Uturuki, ambako kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa majina ya wanawake yaliyo mengi kupita yote. Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, jina lilipata ardhi yenye rutuba. Jina hufuata imani na kumbukumbu za watu, na mwenye kuangalia majina ya mahali aweza kusoma humo historia yao.

Njia ya sikio na njia ya kitabu

Sasa tuje kwenye sauti. Kwa Kiarabu cha vitabuni jina hili lina silabi tatu. Ya kwanza ina sauti ya ain, inayotamkwa kooni, na irabu ndefu ya "a". Ya pili huanza na kikomo kidogo cha pumzi, Waarabu hukiita hamza, kisha irabu fupi ya "i". Ya tatu ni "sha". Mkazo uko mwanzoni, katika ile "a" ndefu.

Lugha yetu haina ain wala haina hamza. Maneno yenye sauti hizo yalipoingia, sauti hizo ziliachwa mlangoni. Ndivyo tulivyopata Ali, Isa na Omari, majina ambayo kwa Kiarabu yote huanza na ain. Vilevile Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, na kwa hiyo Salim alikuwa Salimu, Mariam akawa Mariamu, na Zainab akawa Zainabu. Jina letu halikuhitaji nyongeza hiyo, kwa kuwa tayari lilikuwa likiishia kwa "a". Ni kama mgeni aliyekuja na nguo inayofanana na ya wenyeji.

Baki ni ile "i" ya katikati, nayo ndiyo iliyozaa maumbo yote tuliyo nayo. Anayelisikia jina likitamkwa na Mwarabu husikia mkazo mkubwa katika silabi ya kwanza, na ile "i" fupi hupita upesi, karibu haisikiki. Ikipotea kabisa, kinachobaki ni Asha. Lakini anayelisoma jina katika kitabu huiona ile "i" imeandikwa, naye hulisoma kwa kanuni ya Kiswahili, inayotaka mkazo ukae katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo hutamka a-I-sha, na ile irabu iliyokuwa dhaifu kuliko zote huwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Basi twaweza kusema kwamba Asha ni jina lililopita njia ya sikio, na Aisha ni jina lililopita njia ya kitabu. Asha amehifadhi mkazo wa Kiarabu akapoteza irabu. Aisha amehifadhi irabu akapoteza mkazo. Kila mmoja ana alichokitunza, na hakuna aliyetunza vyote.

Umbo la tatu, Esha, husikika zaidi pwani ya Kenya. Wako Waarabu ambao nao katika mazungumzo yao ya kila siku huziunganisha "a" na "i" zikawa kama "e". Lakini hata bila ya Waarabu, mwalimu wa Kiswahili hatashangaa. Wanafunzi wetu wanajifunza kila mwaka kwamba wa- na -ingi huwa "wengi", kwamba wa- na -izi huwa "wezi", na kwamba ma- na -ino huwa "meno". Irabu "a" ikikutana na "i" hupenda kuungana ikawa "e". Esha imepita palepale zilipopita "wengi" na "meno".

Ushahidi mwingine uko katika majina yaliyounganishwa na neno "mwana", ambalo tangu zamani lilikuwa la heshima kwa mwanamke wa pwani. Tunaye Mwanajuma, tunaye Mwanahamisi, na tunao Mwanaisha na Mwanaasha. Majina mawili haya ya mwisho yanaonyesha kwamba maumbo yote mawili, la "i" na lisilo na "i", yamekaa ndani ya Kiswahili kiasi cha kukubali viungo vya Kiswahili. Wala jina hili si pekee katika mwenendo huu. Fatuma yuko pamoja na Fatma na Fatima, Hadija yuko pamoja na Khadija, na Zena yuko pamoja na Zainabu. Katika kila jozi, mmoja amekaa karibu zaidi na ulimi wa mwenyeji, na mwingine karibu zaidi na kitabu.

Majirani walivyofanya

Anayedhani kwamba Waswahili peke yao ndio "walioliharibu" jina na awatazame majirani. Wasomali huandika Caasha. Katika tahajia yao, iliyopitishwa mwaka 1972, herufi "c" husimama mahali pa ain, na "aa" ni irabu ndefu. Maana yake ni kwamba Wasomali, ambao lugha yao inayo sauti ya ain, waliihifadhi ain na mkazo, lakini ile "i" waliiacha kama sisi tulivyoiacha. Mgeni asiyejua tahajia hiyo atasoma "Kasha", na kumbe jina ni lilelile. Anapoandikwa kwa lugha nyingine huwa Asha, kama Asha Haji Elmi, mwanamke mashuhuri aliyepigania amani nchini mwake.

Waturuki huandika Ayşe. Walipobadili herufi zao mwaka 1928, wakaacha za Kiarabu na kuchukua za Kilatini, waliweka herufi moja yenye mkia chini kuwakilisha sauti ya "sh". Afrika ya Magharibi jina lilikwenda njia nyingine. Huko watu walishika lile umbo refu la Kiarabu lenye "t" mwishoni, na kwa kuwa lugha nyingi za huko hazina "sh", sauti hiyo ikawa "s". Ndipo tukapata Aïssata nchini Mali na Aissatou nchini Senegali na Guinea. Walimu waliosoma riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii, watakumbuka kwamba barua hiyo inaandikwa kwa Aïssatou. Huyo ni somo wa Asha wetu, ingawa sauti zao ziko mbali.

Ulaya nako jina lilifika na kuzua maswali ya matamshi. Mwingereza H. Rider Haggard alitoa mwaka 1887 riwaya yake iitwayo She, ambayo wasafiri wake hufika pwani ya Afrika ya Mashariki, na malkia wake anaitwa Ayesha. Mwandishi aliona haja ya kuwaelekeza wasomaji kwamba jina hilo litamkwe karibu sawa na Asha. Wasomaji wengi hawakumsikiliza, wakalitamka walivyoliona limeandikwa. Jicho lilishinda sikio.

Marekani jina lilipata nguvu mpya katika miaka ya 1960 na 1970, wakati Wamarekani Weusi wengi walipotafuta majina yenye kuwarudisha Afrika, na wengi wakaigeukia lugha ya Kiswahili. Mwanamuziki Stevie Wonder alipata binti mwaka 1975 akamwita Aisha, na mwaka uliofuata akatoa wimbo wa kumfurahia, ambamo aliieleza maana ya jina kuwa ni uhai. Wimbo huo ulilifikisha jina katika nyumba nyingi. Matamshi ya huko huweka mkazo katikati na kuirefusha "i", karibu na Mswahili asomaye Aisha kitabuni.

Hapo ndipo vitabu vya majina ya watoto vilipoanza kuandika kwamba Asha, au Aisha, ni neno la Kiswahili lenye maana ya uhai. Maneno hayo ni kweli nusu. Jina ni la Kiswahili kwa kuwa Waswahili wamelichukua kwa karne nyingi. Lakini katika Kiswahili si neno la kawaida. Hakuna Mswahili asemaye "asha yangu ni ngumu" akakusudia maisha yake. Wanafunzi wageni wanaotuuliza jambo hili wajibiwe hivyo: ni jina, na asili yake ni Kiarabu, na ndugu zake katika msamiati wetu ni "ishi" na "maisha".

Tena wajue kwamba liko jina jingine linalosikika sawa na hili wala halina udugu nalo. Wahindi wana jina Asha lenye asili ya Kisanskriti, na maana yake ni tumaini. Mwimbaji maarufu Asha Bhosle ana jina hilo la Kihindi. Katika miji yetu, ambako jamaa za Kihindi na za Kiswahili zimekaa mtaa kwa mtaa kwa miaka mingi, inawezekana kabisa wasichana wawili wakakaa dawati moja, wote wakaitwa Asha, mmoja akiitwa kwa uhai na mwingine kwa tumaini. Mwalimu hawezi kujua kwa kulisikia jina tu. Ni lazima aulize.

Kutoka pwani hadi ziwani

Jina lilifika kwetu bara kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani ikapita Tabora hadi Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe katika nchi ya Manyema. Ilikuwa biashara ya pembe za ndovu na pia ya watumwa, na hatuna haja ya kuipamba. Watu waliochukuliwa katika mkondo huo, wake kwa waume, waliondokewa na mengi, na wengi wao walipewa au walichagua majina mapya pamoja na dini mpya. Jina la Asha ni mojawapo ya yale yaliyosambaa njiani mwa misafara hiyo. Wengi waliolipeleka hawakujua kusoma. Walilisikia, wakalisema, wakawaita watoto wao. Ndiyo maana katika miji ya zamani ya Waswahili wa bara, kama Ujiji, Rumonge na mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura, jina la akina nyanya ni Asha kuliko Aisha. Lile la njia ya sikio ndilo lililotangulia.

Siku hizi orodha za madarasa yetu zaonyesha mageuzi. Nyanya ni Asha, mjukuu ni Aisha. Sababu ziko wazi. Wazazi wamesoma madrasa na shule, wanaliona jina katika vitabu. Ndugu zao wamekwenda Arabuni kutafuta kazi. Na wapo waliolisikia katika redio na televisheni. Mwaka 1996 mwimbaji wa Aljeria, Khaled, alitoa wimbo uitwao "Aïcha", uliotungwa na Mfaransa Jean-Jacques Goldman, nao ulipendwa sana katika nchi zitumiazo Kifaransa. Hatulaumu mageuzi haya. Mzazi ana haki ya kuchagua umbo alitakalo. Tunachokataa ni kumwambia nyanya kwamba jina lake la miaka sabini ni kosa la tahajia.

Tena jina limevuka mipaka yake ya kwanza. Mtanzania Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 2007 hadi 2012, anachukua jina la Kiswahili na la Kizungu yaliyounganishwa kwa kistari kimoja. Dunia nzima ilijifunza kulitamka Asha, wala hakuna aliyedai kwamba limepungukiwa na "i".

Herufi mbili zenye kuleta matata

Hadi hapa tumesema juu ya sauti. Matata makubwa zaidi, kwetu sisi walimu wa nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji, yako katika herufi.

Zamani Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu. Mwandishi aliliandika jina hili kama linavyoandikwa Kiarabuni, na msomaji akalitamka apendavyo: Asha, Aisha au Esha. Hati moja iliwatosha wote. Herufi za Kilatini zilipoingia katika karne ya 19, ikabidi kuchagua. Askofu Edward Steere wa Unguja, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, alifuata kanuni kwamba irabu zisomwe kama za Kiitalia na konsonanti kama za Kiingereza. Kwa kanuni hiyo tulipata "sh" katika "shamba" na "ch" katika "chumba". Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikasimamia tahajia hiyo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja.

Burundi, Rwanda na Kongo hazikuwamo katika kamati hiyo. Huku, karani alisomea Kifaransa, na kwa Kifaransa "ch" husomwa kama "sh" yetu. Alipoandikishwa mtoto Shabani, yeye aliandika Chabani. Juma akawa Djuma, Rajabu akawa Radjabu, na Musa akawa Moussa. Sauti yetu ya "ch" Wakongo waliiandika "tsh", kama katika Tshombe na Tshikapa. Ama jina letu liliandikwa Aïcha, na nukta mbili juu ya "i" humwambia msomaji kwamba irabu hizo mbili zitamkwe mbalimbali. Hilo ni jambo jema la Kifaransa, na laiti nukta hizo zingeandikwa siku zote! Lakini lile umbo la Asha, la njia ya sikio, karani huyohuyo aliliandika Acha.

Kwa Mfaransa hakuna kosa hapo. Kwa Mswahili ni msiba mdogo. Binti amegeuzwa kuwa kitenzi, tena kitenzi cha kuamrisha. Jina lenye maana ya kuishi limekuwa neno la kumfukuzia mbuzi shambani au kumkemea mtoto mtundu. Na watoto wa shule hawakosi kuligundua jambo kama hilo siku ya kwanza.

Ajabu ni kwamba Kirundi, lugha ya nyumbani kwetu, hakina shida hii. Kirundi huandika "sh" kama Kiswahili, kama katika "ishure", yaani shule. Na sauti ya "ch" hukiandikia "c" peke yake, kama katika "icumi", yaani kumi. Kwa hiyo Asha huandikwa Asha kwa Kirundi na kwa Kiswahili pia. Ni Kifaransa cha ofisini tu kilicholeta Acha. Mtoto wa Buyenzi hukulia katika kanuni tatu za tahajia, naye hutakiwa awe mtu mmoja katika zote tatu.

Tumepata kumfundisha msichana ambaye cheti chake cha kuzaliwa kilisema Acha, daftari la madrasa lilisema Aisha, na ripoti zake za shule za miaka sita zilisema Asha. Nyumbani aliitwa Asha, na baba yake ndivyo alivyokusudia. Jamaa yake ilipohamia ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambako Kiswahili husomwa kwa kanuni za Unguja, jina lake lilisomwa kutoka katika orodha, "ch" ikatamkwa "ch". Hakuitika. Hakuwa na ukaidi wala hakuwa mbali. Alikuwa amesimama palepale, lakini hajawahi kuitwa hivyo maishani mwake. Akaandikwa kuwa hayupo. Ilichukua siku kadhaa na barua kadhaa hadi ikathibitishwa kwamba watoto watatu wa karatasini ni mtoto mmoja. Tangu mwaka 2007 Burundi na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kongo imeingia mwaka 2022. Watoto na vyeti vyao wanavuka mipaka kila siku, na mambo ya namna hii yatazidi.

Wajibu wa mwalimu

Tufanye nini basi? Twaona kuna mambo manne, na yote yako katika uwezo wa mwalimu.

La kwanza, mwalimu aulize kabla ya kusoma. Siku ya kwanza ya muhula kila mtoto na alitamke jina lake mwenyewe, na mwalimu alifuate. Mwenye jina ndiye mwalimu wa jina hilo.

La pili, mwalimu asisahihishe jina lililokwisha kuandikwa katika cheti. Imla husahihishwa kwa kalamu nyekundu. Jina la mtu halisahihishwi hivyo. Mwalimu anayebadili Acha kuwa Asha katika ripoti, kwa nia njema kabisa, anamwongezea mtoto karatasi isiyokubaliana na nyingine. Kama kuna haja ya kurekebisha, wazazi waelekezwe mahali pa sheria, na karatasi zote zirekebishwe pamoja, si moja moja.

La tatu, pale ambapo jina halijaandikwa bado, mwalimu awasaidie watu wa mtaa wake. Wazazi wengi hutujia kabla ya kwenda kuandikisha mtoto. Waelezwe tofauti ya "sh" na "ch" katika lugha zetu tatu. Dakika tano za mazungumzo hayo zaweza kumwondolea mtoto usumbufu wa miaka ishirini.

La nne, jina hili liwe somo. Katika kipindi kimoja mwalimu aweza kufundisha mkazo kwa kulinganisha Asha na Aisha, muungano wa irabu kwa kutumia Esha na wengi, maneno ya mkopo kwa kutumia ishi na maisha, na historia ya tahajia kwa kutumia Acha na Aïcha. Hatujui neno jingine fupi kama hili lenye mafunzo mengi kiasi hiki. Na binti mwenye jina hilo, ambaye pengine jana alikuwa akichekwa, leo atakuwa ndiye mfano wa somo, mbele ya wenzake.

Ama lile swali la mwanzo, lipi ndilo sahihi, jibu letu ni hili. Asha ni Kiswahili sahihi, kwa sheria za sauti zinazoweza kuelezwa. Aisha ni Kiswahili sahihi, kwa njia ya kitabu. Esha ni Kiswahili sahihi kwa walio nalo. Aïcha ni Kifaransa sahihi. Hata Acha, kwa mujibu wa aliyeliandika, lilikuwa na kanuni yake. Kosa si la mtoto wala la wazazi wake, ni la kanuni mbili zilizokutana katika daftari moja bila ya mkalimani.

Tunawaomba walimu wenzetu wa Uganda, Rwanda, Kongo na kwingineko watuandikie maumbo ya jina hili yanayosikika kwao, na namna yanavyotamkwa na akina mama wenyewe. Tungependa hasa kupata maumbo ya vijijini, ambayo hayajaingia katika vitabu. Yakifika tutayapanga na kuyatoa katika toleo litakalofuata, ili walimu wawe nayo karibu wanapofungua daftari la mahudhurio.